Ampoule za Posa ya Salima

Hii habari nimekataa kuieleza kwa muda murefu, na hata leo nikiieleza ninaangalia chini, ju mutu mwenye alifanya ule upumbavu hapana mutoto, ni mimi mwenyewe, Mama Salima, mwanamuke muzima, muchuuzi wa bitenge hapa Butembo, mutu mwenye kufundisha benzake kila siku namna ya kuangalia kitambaa mbele ya kukinunua. Mais mumenibembeleza sana, donc sikilizeni, na kama mutacheka, muchekee mbali na Salima, ju yeye bado hajanisamehe vizuri.

Salima ni binti yangu wa kwanza. Baba yake alikufa angali mudogo, na tangu ile wakati mambo yote makubwa ya nyumba inapita kwa shemeji yangu, Muzee Saidi, kaka mukubwa wa marehemu. Basi kijana moja wa Beni akamupenda Salima, kijana wa jamaa ya batu ba transport, benye magari yao inapanda na kushuka kati ya Beni na Kasindi, batu ba dini, batu ba heshima, na bakatuma ujumbe ya kama siku ya posta, pole (munaona, hata kusema ninashindwa), siku ya posa, batafika siku ya mposho, ile jumamosi, saa sita ya muchana, bale, balale, kisha barudie kesho yake, ju barabara ya Beni hapana ya kutembea giza ikishaingia.

Nilifurahi kwa siku moja. Siku ya pili nikaanza kuogopa courant, ule umeme wa nyumba.

Kwetu mu quartier, ule mutaa wetu, tunalipia courant mbele ya kuitumia, na ikiisha mu compteur, ile mita ya ku ukuta, inakata palepale bila kukuuliza kama uko na bageni. Siku ya Idi ilinifanyia hivyo: shemeji Saidi alikuwa anapeleka tonge ku kinywa, tukaingia mu giza, tukamaliza pilau na mwangaza ya telefone, na shemeji hakusema kitu, mais vile anajua kunyamaza, heri angesema. Sasa nikaona ile giza inarudia mbele ya bakwe. Nililala ninaiona, niliamuka ninaiona. Nilikuwa ninapima kitambaa ya mukiriya mwenye kununua, nasahau nimefika ku metre ya ngapi.

Njo nikamuita ndugu yangu mudogo, Musa, mwenye kufanya kazi ya courant mu manyumba ya batu. Akaangalia ampoule zangu za zamani, balbu zile za kioo na kauzi ndani, akasema dada, hizi zinatoa joto kupita mwangaza, zinakula courant yako bure, ununue za LED. Akanieleza pole pole, kama mutu anaeleza muzee: niangalie ku karto, ile boksi yake, kama imeandikwa volt 220, ju ile ya 12 ni ya panneau ya jua, ile sola, na itapasuka, niangalie kama muguu yake ni ya kuzungusha, hapana ile ya kusukuma na kugeuza, nisiangalie watt peke, niangalie pia mwangaza inatoa kiasi gani, za salon nichukue za rangi ya manjano kidogo, za jikoni nyeupe. Kisha akasema kama kuko kitu sielewi, niulize, ao nimupigie, ju yeye alikuwa anaenda Kasindi kufanya kazi mupaka siku ya mposho. Nikaitika vile tunaitika badogo betu, ndiyo, ndiyo, na roho ilishaenda fasi ingine.

Siku ya tano, ile ijumaa, asubui nikafika ku duka ya Kakule, mwenye kuuza vitu vya courant mu galerie, ile nyumba ya maduka mengi, karibu na fasi yangu ya bitenge. Ukuta muzima ni ampoule. Sikujua kama ampoule ziko namna nyingi vile. Nikaongea na sauti ya mutu mwenye kujua: volt 220, muguu ya kuzungusha, LED. Kakule akaweka aina tatu ku meza. Ya kwanza ya kawaida. Ya pili yenye inachunga courant ndani na inaendelea kuwaka hata courant ikikatika (sasa niambieni, hapana ile njo nilikuwa natafuta? mais nilifikiri ni ya batu ba duka, nikaisukuma pembeni). Ya tatu ilikuwa na kajicho kadogo keupe katikati, na Kakule akasema, Mama Salima, hii inakula kidogo kupita zote, ju inajichunga yenyewe.

Mutu mwenye akili angeuliza inajichunga namna gani. Mais nyuma yangu kulikuwa bamama babili ba soko, benye bananijua, na mimi njo ninabaulizaka kila siku kwa nini banakubali tu kila kitu muchuuzi anabaambia. Nikaona haya. Nikachukua karto, nikaisoma kama ninaisoma kweli. Ilikuwa maandiko ya Chine, ile namba 220, na picha ya mutu anatembea na mistari ya duara mbele yake. Nikajisemea, mutu anatembea, kusema ampoule inatembea sana, inadumu myaka mingi. Nawaapia, njo vile nilielewa.

Kakule akaizungusha ku douille, ile tundu ya ampoule, ya kujaribia. Haikuwaka. Akaifunika na kiganja, ikawaka. Akaanza kusema, unaona mama, hii muchana... nikamukata. Nikamuambia ninajua, Kakule, ninajua, unifungie nne, mbili za salon, moja ya koridoro, moja ya jikoni.

Mangaribi yake nikapanda ku kiti nikaziweka mwenyewe. Ziliwaka nyeupe kabisa, hata vumbi mu pembe ya salon ilionekana, na tukafagia upya. Bamama ba jamaa balikuwa banaingia na kutoka, mwenye kuchambua muchele, mwenye kupanga viti, na taa ziliwaka bila shida. Kisha nikaenda mu chumba kusali isha, nikatoka, nikaona toka mu koridoro kama salon iko giza. Nikajua Salima amezima taa. Asubui nikamusifu mbele ya bashangazi bake bote, nikasema muone vile huyu mutoto anajua kuchunga courant, mume wake atapata bahati. Salima akaangalia chini. (Yeye alifikiri ni mimi nilizima na nimesahau, na hakutaka kukataa sifa. Anafanana na mama yake.)

Siku ya mposho saa sita ikafika, bageni hapana. Saa nane, hapana. Tunapiga telefone, reseau haiko. Munajua ile barabara, fasi batu ba bunduki banashambuliaka magari, munajua mutu akichelewa njiani roho ya mwenye kungojea inaenda wapi, sina haja ya kueleza. Shemeji Saidi alikuwa ameketi na tasbihi yake anauliza kila mara kama bamepiga, na mimi ninajibu bado, na kila bado inatoka nyembamba kupita ile ya mbele. Nilipasha pilau mara tatu. Saa kumi telefone ikalia: lori ilizama mu matope mbele yao, bako bazima, banakuja.

Balifika kisha mangaribi, na matope mupaka ku magoti. Balikuwa batu saba. Wa kwanza Muzee Abdala, babu ya kijana, muzee mufupi mwenye sauti ya chini. Kisha Mama Hadija, shangazi ya kijana, mwenye kuangalia nyumba yangu toka ku sakafu mupaka ku paa, na nilijua anaandika yote mu kichwa. Na katikati ya bengine kulikuwa askari moja asiyevaa uniforme, Adjudant Mbuyi, mutu wa Kasai, mukristu, mwenye kupanga nyumba mu parcelle, mu kiwanja ya Muzee Abdala. Muzee hakukubali tena kupita ile njia bila yeye.

Balioga, balisali, balikula. Sahani zinapita, mikono inapita, taa zinawaka. Mimi nilienda mara mbili kuangalia compteur, nikaona courant iko ya kutosha, nikapumua kwa mara ya kwanza toka juma nzima. Tukatoa sahani. Tukafunga madirisha na kushusha rideau, yale mapazia, ju baridi ya Butembo munaijua. Banaume baliketi ku viti, sisi bamama ku mukeka karibu na mulango. Shemeji Saidi akabakaribisha na maneno mazuri. Kisha Muzee Abdala akaomba tufungue na dua, akainua viganja, na sisi wote tukainua, tukainamisha vichwa. Hakuna mutu alikohoa. Alisoma pole pole, vile bazee banasoma.

Taa zote mbili zikazima.

Giza ilikuwa kama kuingizwa mu gunia. Na mbele mimi sijasema neno, nikasikia sauti ya Adjudant, hapana ya nguvu, sauti ya kawaida kabisa, na ile njo ilitutisha zaidi:

«Couchez-vous. Wote chini.»

Batu benye balitoka Beni, na vitu vyenye baliishaona, habakuuliza. Balianguka chini wote mara moja, na sisi tukaanguka ju bao balianguka. Thermos ya chai ikapinduka. Na ju tulitikisika, taa zikawaka, na nikaona kitu yenye sitasahau: Muzee Abdala amelala ubavu, kofia imetoka, shemeji Saidi kichwa na mabega chini ya meza, miguu inje, na mimi, mama wa binti mwenye anaombwa, niko ju ya mugongo wa Mama Hadija, mukono wangu umeshika leso yake.

Hakuna mutu alisimama. Tulibaki vile, tunasikiliza, bila kupumua. Donc zikazima tena.

Hapo nililia. Nililia na nguvu zangu zote, nikaita mama yangu mwenye alikufa zamani. Inje mutu akaanza kupiga sufuria, mbio mbio, vile tunafanya kwetu mu quartier kama hatari imefika. Sufuria ingine ikajibu, kisha filimbi, kisha nyumba kwa nyumba mupaka ku kilima ya ngambo. Mu dakika chache parcelle ilijaa batu na torche na marungu, na chef wa quartier akaingia mu salon yangu, taa zikawaka mbele yake kama zinamukaribisha, akatuona ku sakafu, akauliza ni nani ametuingilia.

Adjudant akajibu ya kama hajaona mutu, ni courant imekatwa mara mbili. Bote bakaniangalia mimi, mwenye nyumba. Mama Hadija alikuwa anatafuta kiatu yake na kusema kwa sauti ya kusikilika ya kama nyumba yenye taa inakataa dua, mutu anapaswa kuifikiria mara mbili. Nikasikia ile ndoa inanitoka mu mikono. Nilitafuta sababu, sababu yoyote, haraka, na macho yangu ikaanguka ku mulango, fasi Maman Kavira alikuwa amesimama kati ya batu, amejifunika kitenge mupaka ku shingo.

Maman Kavira ni jirani yangu. Kamba yake ya courant na yangu zinatoka ku mti moja ya courant. Tangu ile mvua kubwa hatukuwa tunasalimiana vizuri, ju maji ya parcelle yangu inapita kwake. Ile tu.

Nikamunyoshea kidole. Nikasema:

«Ni huyu. Anachezea kamba yangu. Alitaka niaibike mbele ya bageni.»

Aliniangalia tu. Batu bakageuka kumuangalia yeye, na chef wa quartier, mutu wa haki, akasema twende tuone. Bakamupeleka kwake mbele ya quartier nzima, bakaangalia kamba, compteur, mti. Habakupata kitu. Batoto bake balikuwa bamejificha chini ya kitanda. Yote ile ilifanyika ju ya kinywa yangu, na mimi nilikuwa bado mu salon ninabaambia bageni baketi, baketi, imekwisha.

Njo Musa akafika. Alikuwa ametoka Kasindi ku moto, ile pikipiki, alisikia sufuria angali chini ya kilima, akapanda mbio mupaka akaingia bila pumuzi. Akaniangalia niko muzima. Kisha akainua macho ku taa, akayaacha pale, na sura yake ikabadilika.

«Dada,» akasema, «karto iko wapi?»

Salima akaileta. Musa akaisoma kidogo tu. Chef wa quartier na batu bake balikuwa bamerudia, vichwa vimejaa ku mulango na ku dirisha, Maman Kavira nyuma yao. Musa akaomba mutu yeyote asitikisike, hata kidole. Tukasimama wote kama picha. Muda kidogo, taa zikazima. Sauti ikapita mu batu. Musa akainua mukono moja mu giza, na taa zikawaka.

Akafanya tena, ju chef hakuamini.

«Hii bananunuaka ya kuweka mu koridoro na mu choo ya hoteli,» akasema. «Muchana inabaki imezima, giza ikiingia inaangalia kama kuko mutu anatembea. Ikiona hakuna, inafikiri batu bamekwenda, inajizima ili courant isipotee.»

Kisha mutu moja ku dirisha akacheka, na mwingine, na ikashuka mu parcelle, ikavuka njia, nikaisikia inaenda mbali vile sufuria zilikuwa zimeenda. Askari mwenyewe alikuwa anapangusa macho. Nilitaka taa zizime na zisiwake tena. Shemeji Saidi alitoka chini ya meza, akapangusa magoti, akaketi, akanyamaza ile kunyamaza yake.

Muzee Abdala hakucheka. Aliomba kofia yake, akaivaa vizuri, akamuuliza Musa kama ni kweli taa ilizima ju bote balitulia. Musa akaitika. Muzee akainua tena viganja.

«Basi ilizima ju tulikuwa tunaomba vizuri,» akasema, akimuangalia Mama Hadija. «Tumalize.»

Tulimaliza. Musa alisimama katikati ya salon anapepea mukono mupaka ku amina ya mwisho, kama mutu anafukuza nzi, na bamama ku mukeka balikuwa banajiuma midomo. Posa ikakubaliwa. Salima leo ni bibi ya mutu, iko Beni, na ku nyumba yake ampoule zote alichagua mwenyewe, hakuniuliza.

Mais ile aibu ya bakwe haiko kubwa. Ingine njo kubwa.

Kesho yake, bageni balipopanda gari, nilienda kwa Maman Kavira. Nilipita njia ya nyuma ili batu basinione, kisha nikarudi nikapita ya mbele, ju nilimutukana mbele ya batu. Alikuwa anaosha vyombo inje. Nilisimama. Nikasema yote: kama nilikuwa na woga, kama nilisema uongo, kama sikuwa na hakika hata kidogo, na nilimunyoshea kidole ju nilihitaji mutu. Hakunisaidia. Aliendelea kuosha mupaka nikamaliza.

Kisha akachukua sufuria kubwa yenye ilikuwa pembeni yake, akaigeuza, akanionyesha. Chini yake ilikuwa imepasuka, mwangaza inapita.

«Nilisikia sauti yako,» akasema. «Nikajua bamekufikia. Nilipiga mupaka ikapasuka.»

Wa kwanza kupiga sufuria, mu quartier nzima, alikuwa yeye. Aliacha batoto bake chini ya kitanda akatoka inje kupiga sufuria kwa ajili yangu, na alipokimbia kuja kuona kama ningali hai, alinikuta nikamunyoshea kidole.

Nilimununulia sufuria ingine, kubwa, ya chuma nzito. Aliipokea, akasema wasingya, asante ya luga yake, akaiweka ju ya kabati, na mupaka leo sijamuona akiipikia. Tunasalimiana. Nilichimba mufereji, maji ya mvua haipiti tena kwake. Ananijibu vizuri, mais haketi kwangu.

Ampoule nilimurudishia Kakule, akacheka, akanipa za kawaida, na safari hii nilimuuliza mupaka batu nyuma yangu bakachoka kusimama, na sikuona haya hata kidogo. Ile ni rahisi, kuuliza ju ya ampoule nimeishajifunza. Yenye niliapa siku ile ku mulango ya Maman Kavira ni ingine, na ninaiapa tena mbele yenu: siku woga ikinishika, nitafunga kinywa. Nitangojea mwangaza kwanza, hata kama ni bakwe gani bameketi mu salon, mbele ya kutaja jina ya mutu.